Kumpima Beki Kabla ya Kumsajili: Ushauri kwa Mameneja wa Fantasi

Katika mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza, unaojulikana rasmi kama Fantasy Premier League na uliozinduliwa msimu wa 2002/03, mshiriki, ambaye huitwa meneja, hupewa bajeti ya kubuni ya paundi milioni 100 ili asajili wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, kwa sharti kwamba klabu moja isitoe zaidi ya wachezaji watatu. Mameneja wengi hutumia juma zima kubishana kuhusu mshambuliaji wa kuvishwa unahodha, kisha nafasi za ulinzi huzijaza kwa dakika chache, kwa kufuata majina ya klabu kubwa na kumbukumbu za msimu uliopita. Hesabu yenyewe haiwaungi mkono, kwa sababu nafasi saba kati ya hizo 15 ni za makipa na mabeki, na kanuni humlazimisha kila meneja kuanza na kipa mmoja na mabeki wasiopungua watatu katika kila raundi. Anayezipuuza nafasi hizo huwa ameamua kuicheza zaidi ya theluthi moja ya kikosi chake kwa kubahatisha.

Tathmini ya beki huanza katika jedwali la pointi. Mchezaji anayecheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2, na anayecheza pungufu ya hapo hupata 1. Beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa wakati yeye akiwa uwanjani, ilimradi awe amecheza angalau dakika 60, hupata pointi 4 za kile ambacho mashabiki wamezoea kukiita klini shiti. Bao la beki lina thamani ya pointi 6, pasi ya bao pointi 3, na wachezaji waliofanya vizuri zaidi katika mechi hugawiwa pointi za ziada kuanzia 1 hadi 3. Upande wa hasara, kila mabao mawili ambayo timu imefungwa humwondolea beki pointi 1, kadi ya njano humwondolea 1, kadi nyekundu 3, na kujifunga 2. Kwa miaka mingi jedwali hilo lilimfanya beki kuwa mateka wa wenzake: angeweza kucheza dakika 88 bila kosa, kisha bao moja la mkwaju uliombabatiza mtu mwingine likamwachia pointi 2 tu.

Msimu wa 2025/26 ulileta badiliko kubwa, nalo ni pointi za michango ya ulinzi. Michango hiyo ni vitendo vinne ambavyo watunza takwimu huvihesabu katika kila mechi: kuondosha mpira katika eneo la hatari, kuziba shuti au krosi, kunasa pasi ya mpinzani, na kumpokonya mpinzani mpira. Beki anayefikisha jumla ya vitendo 10 vya aina hiyo katika mechi moja hupata pointi 2, na hata akifikisha 20 hazizidi 2. Kwa viungo na washambuliaji kiwango ni vitendo 12, lakini wao huongezewa kitendo cha tano, yaani kuudaka mpira ambao haukuwa mikononi mwa timu yoyote na kuirudishia timu yao umiliki. Jambo ambalo mameneja wengi hawajalipa uzito unaostahili ni kwamba pointi hizi haziangalii matokeo: beki aliyefungwa mabao matatu anaweza kuzipata, na mara nyingi huzipata yeye kuliko yule aliyeshinda kwa raha.

Uzito wa badiliko hilo huonekana pale nafasi ya klini shiti inapopimwa kwa namba. Kipimo kinachofaa ni mabao yanayotarajiwa, yaani jumla ya uwezekano wa kila shuti kuwa bao, kwa kuzingatia mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa. Penalti, kwa mfano, huhesabiwa kuwa karibu 0.8 ya bao, ilhali shuti la mbali huwa na thamani ndogo sana. Timu ikitarajiwa kufungwa bao 1.0 katika mechi fulani, kanuni ya kawaida ya uwezekano huonyesha kwamba ina nafasi ya takriban asilimia 37 ya kutofungwa kabisa. Ikitarajiwa kufungwa 1.5, nafasi hushuka hadi asilimia 22. Na ikitarajiwa kufungwa 0.7, hupanda hadi karibu asilimia 50. Takwimu za ligi zinaafiki picha hiyo. Arsenal ya msimu wa 2023/24, iliyokuwa na ulinzi bora kuliko timu zote na kufungwa mabao 29 tu, ilipata klini shiti 18 katika mechi 38, yaani ngome bora ya msimu huo ilifungwa katika zaidi ya nusu ya mechi zake. Msimu uliofuata tuzo ya kipa mwenye klini shiti nyingi iligawanywa kati ya David Raya wa Arsenal na Matz Sels wa Nottingham Forest, kila mmoja akiwa na 13, na Forest hiyo ilikuwa imemaliza katika nafasi ya 17 msimu uliotangulia.

Hebu wachukuliwe mabeki wawili wa kubuni. Wa kwanza anachezea klabu kubwa inayotarajiwa kufungwa bao 1.0 kwa mechi, bei yake ni paundi milioni 6.0, na kwa kuwa timu yake humiliki mpira muda mrefu, hufikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi 15 tu kati ya 100. Wa pili yuko katika klabu ya katikati ya jedwali inayotarajiwa kufungwa 1.5, bei yake ni milioni 4.5, lakini ni beki wa kati anayefikisha vitendo hivyo katika nusu ya mechi zake. Wote wakicheza mechi nzima, wa kwanza huanza na pointi 2, huongeza karibu 1.5 za klini shiti na 0.3 za michango ya ulinzi, kisha hupoteza karibu 0.3 kwa mabao ya kufungwa. Jumla yake ni takriban 3.5. Wa pili huanza na 2, huongeza 0.9 za klini shiti na 1.0 ya michango, hupoteza 0.5, na kubaki na takriban 3.4. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa mechi 38, ni pointi zipatazo 4 kwa msimu mzima, na meneja ameilipia milioni 1.5 ambazo zingetosha kumbadilisha kiungo wa kawaida kuwa kiungo mzuri. Ni kweli kwamba pointi za ziada huelekea zaidi kwa mabeki wa timu ambazo hazikufungwa, na hivyo pengo halisi huwa pana kidogo kuliko hesabu hii inavyoonyesha, lakini halipanuki kiasi cha kuhalalisha bei hiyo kwa klini shiti peke yake.

Kinachohalalisha bei kubwa ya beki, basi, ni mashambulizi yake. Beki wa kwanza akiongezewa mabao manne kwa msimu, hupata pointi 24 za mabao pekee, nazo ni zaidi ya 0.6 kwa kila mechi. Rekodi za mchezo huu zinashuhudia jambo hilo: Andrew Robertson wa Liverpool alimaliza msimu wa 2018/19 akiwa na pointi 213, msimu ambao timu yake ilifungwa mabao 22 tu huku yeye akitoa pasi 11 za mabao, na mwenzake Trent Alexander-Arnold alifikisha pasi 13 za mabao msimu wa 2019/20. Wawili hao walikuwa mabeki kwa jina na wachezeshaji kwa kazi. Mabeki wa pembeni wa namna hiyo wamekuwa adimu, kwa sababu makocha wengi wa sasa huwaingiza mabeki hao katikati ya uwanja ili kulinda dhidi ya mashambulizi ya kushtukiza, badala ya kuwaacha wapande ukingoni na kumimina krosi. Meneja anayemnunua beki wa pembeni kwa sifa za zamani za nafasi hiyo hana budi kutazama kwanza anasimama wapi timu inapokuwa na mpira.

Nafasi yao imechukuliwa kwa sehemu kubwa na mabeki wa kati warefu wanaofuata mipira ya kutenga, yaani kona na mipira ya adhabu inayopigwa kuelekea langoni. Arsenal, ambayo tangu 2021 imekuwa na kocha maalumu wa mipira hiyo, Nicolas Jover, ndiyo mfano ulio wazi zaidi, na Gabriel Magalhães amekuwa mnufaika wake mkuu. Tathmini ya beki wa aina hii haiishii kwenye idadi ya mabao, kwa kuwa mabao matatu au manne kwa msimu ni sampuli ndogo inayoweza kupotoshwa na bahati. Hutazama ni mara ngapi anaufikia mpira kwa kichwa ndani ya eneo la hatari, ni nani anayepiga kona, na kama mpigaji huyo yupo au ameumia. Beki mrefu asiye na mpigaji mzuri wa kona ni sawa na mvuvi aliyefika baharini bila nyavu. Beki anayepiga penalti ni bahati ya nadra, kama alivyokuwa Leighton Baines wa Everton, na akitokea haifai kumjadili sana kabla ya kumsajili.

Kwa upande wa michango ya ulinzi, upimaji unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa wastani wa vitendo kwa mechi hudanganya. Mabeki wawili wanaweza kuwa na wastani uleule wa vitendo 9, huku mmoja akipata 9 katika karibu kila mechi na kukosa pointi zote, na mwingine akiruka kati ya 5 na 13 na kuzipata mara kwa mara. Linalotakiwa ni idadi ya mechi ambazo mchezaji amefikisha 10, ikigawanywa kwa mechi alizocheza kikamilifu, na hesabu hiyo ifanywe juu ya mechi zisizopungua 15 kabla ya kuaminiwa. Mazingira ya timu nayo yana sauti kubwa. Beki wa kati wa timu inayokaa nyuma na kukaribisha krosi, kama James Tarkowski alivyojulikana Burnley na baadaye Everton, huondosha mipira mingi. Beki wa kati katika safu ya watatu hugawana kazi hiyo na wenzake wawili. Na beki wa pembeni, hata akiwa hodari wa kupokonya mipira, mara chache hufikisha 10 kwa sababu mipira ya juu haimwangukii yeye. Aina ya mpinzani pia huhesabika, kwani timu inayorusha mipira mirefu humpa beki wa kati kazi nyingi kuliko timu inayopenya kwa pasi fupi za chini.

Baada ya hapo huja dakika, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila kelele. Beki anayetolewa dakika ya 58 hupata pointi 1 na kupoteza klini shiti hata kama timu yake itamaliza bila kufungwa, ilhali anayetolewa dakika ya 65 timu ikiwa haijafungwa hubaki na pointi zake zote 4 hata kama wenzake watafungwa baadaye. Mabeki wa kati hutolewa kwa nadra. Mabeki wa pembeni, hasa wa klabu zinazocheza mashindano ya Ulaya katikati ya juma, hubadilishwa na kupumzishwa mara nyingi, na Manchester City ya Pep Guardiola imewaumiza mameneja wengi kwa njia hiyo. Kasoro ya pili ni kumnunua beki wa milioni 4.0 asiyecheza kabisa ili kuokoa bajeti. Mmoja benchini huvumilika, wawili ni hatari, kwa sababu siku beki wa kwanza anapoachwa nje ya kikosi bila taarifa, benchi hilo halina mtu wa kuingia.

Takwimu za msimu uliopita zina faida yake, lakini hazifai kuchukuliwa kama ahadi. Sheffield United ilipanda daraja na katika msimu wa 2019/20 ikafungwa mabao 39 tu na kumaliza nafasi ya 9. Mabeki wake walikuwa rahisi na wakawa kipenzi cha mameneja, akiwamo John Lundstram, aliyeorodheshwa kama beki wa milioni 4.0 ilhali akicheza kiungo, na akafunga mabao matano ya ligi. Walioingia msimu wa 2020/21 na mabeki walewale walikuta hali nyingine kabisa: kipa Dean Henderson alikuwa amerejea Manchester United baada ya mkopo wake kwisha, beki Jack O'Connell aliumia mapema, na timu ikafungwa mabao 63, ikamaliza mkiani na kushuka daraja. Liverpool nayo ilitoka kwenye mabao 22 ya kufungwa mwaka 2018/19 hadi 42 mwaka 2020/21, msimu ambao Virgil van Dijk aliumia goti mwezi Oktoba. Ngome hujengwa kwa watu wachache mno, na kuondoka kwa mmoja wao, awe kipa, beki wa kati au kiungo mkabaji anayewakinga, kunatosha kuifanya takwimu nzima ya mwaka uliopita kuwa historia. Kabla ya msimu kuanza ni busara kuuliza ni wangapi kati ya hao watano au sita wamebaki, na kama kocha ni yuleyule.

Ratiba nayo husomwa vibaya. Mchezo hutoa namba moja ya ugumu kwa kila mechi, na namba hiyo haitenganishi nguvu ya mpinzani katika kushambulia na nguvu yake katika kulinda. Kwa meneja anayetafuta beki, ulinzi wa mpinzani hauna maana kubwa. Linalohusu ni idadi ya mabao ambayo mpinzani huyo hufunga. Msimu wa 2024/25, Southampton ilifunga mabao 26, Leicester 33 na Ipswich 36, na timu zote tatu zikashuka daraja, hivyo beki yeyote wa kawaida aliyekutana na mojawapo alikuwa na thamani iliyozidi bei yake. Njia nzuri ya kuitumia ratiba ni kuchagua mabeki wawili wa bei ndogo ambao mechi zao za nyumbani dhidi ya timu butu zinapishana, mmoja akiwa na mechi rahisi wakati mwenzake ana ngumu, ili kila raundi aanze anayestahili.

Kwa makipa maneno machache yanatosha. Kila miokozi mitatu huleta pointi 1 na penalti iliyookolewa pointi 5, kwa hiyo kipa wa klabu inayoshambuliwa kwa kiasi hufidia klini shiti anazozikosa, na kulipa zaidi ya milioni 5.0 kwa nafasi hii ni anasa. Viungo wakabaji wanastahili kutazamwa upya tangu 2025/26, kwa kuwa kiungo kama Moisés Caicedo wa Chelsea anaweza kufikisha vitendo 12 mara nyingi, lakini klini shiti kwake ni pointi 1 tu na mabao yake ni machache. Anafaa kuwa kiungo wa tano, si wa pili.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo mambo mawili ya kuzingatia zaidi. Usajili hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, kabla ya vikosi kutangazwa, na saa hubadilika Uingereza inaporudisha saa zake nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba: raundi inayofunguliwa na mechi ya mapema ya Jumamosi hufungwa saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki hadi wakati huo, kisha saa nane mchana wakati wa baridi. La pili ni mashindano ya mataifa ya Afrika. Fainali zilizofanyika Morocco kuanzia 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026 ziliwaondoa ligini mabeki kama Aaron Wan-Bissaka wa West Ham, anayeichezea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Noussair Mazraoui wa Manchester United na Morocco. Anayesajili mwezi Novemba katika mwaka kama huo hana budi kuuliza uraia wa beki kabla ya kuuliza ratiba yake.

Linabaki suala la uhamisho. Meneja hupewa uhamisho mmoja wa bure kila raundi, anaweza kuweka akiba hadi mitano, na kila unaozidi hugharimu pointi 4. Kwa kuwa tofauti inayotarajiwa kati ya mabeki wawili wazuri katika mechi moja ni chini ya pointi 1, kulipa pointi 4 ili kumpata beki mwenye mechi rahisi ni kununua kwa hasara, hata pale ambapo beki huyo anamaliza bila kufungwa. Malipo hayo yanakubalika tu pale ambapo kikosi hakiwezi kufikisha mabeki watatu wanaocheza. Nje ya hapo, beki husubiri uhamisho wa bure.